Kihisi Kilichobandikwa kwa Gundi

Mota moja, mikono miwili. Ndivyo walivyokutana, katikati ya uchochoro wa vyuma chakavu, watu wakipigana vikumbo na redio kila kibanda zinapiga kelele.

"Achia, kaka. Nimeishika mimi kwanza."

"Dada, hii ni mota ya waipa ya lori. Wewe ya nini? Unataka kufutia machozi?"

"Nataka kuendeshea cherehani. Na machozi nitakutoa wewe."

Muuzaji akacheka mpaka akakaa chini. Binti alikuwa fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa kama amezaliwa nalo, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Kijana alikuwa fundi wa redio. Mtaani walimwita Rubani, kwa sababu alikuwa anajitengenezea kiti cha mchezo wa kompyuta, kinachoyumba na kuinama kwa mota mbele ya skrini, ukikaa unajiona uko angani. Ndege yenyewe hajawahi kuipanda.

Akaiachia ile mota, akaomba namba ya simu, na binti akambandika jina la Sindano. Hapo ndipo balaa lilipoingia, maana mwanamume anayejua kushindwa huku anatabasamu, muogopeni.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula vumbi la chuma. Njoo uniokoe."

"Sina mabawa, Rubani. Nitumie ndege."

Binti akaenda kwa miguu. Akamshonea kiti chake kifuniko chekundu, mishono miwili miwili, huku anauliza kila kitu.

"Hiki kidude cha duara?"

"Kihisi. Kinakaa kwenye ncha ya shafti, kile chuma cha mota kinachozunguka. Mota ikizunguka nacho kinazunguka, kinaiambia kompyuta mota imefika wapi. Bila hicho mota ni kipofu, inasukuma tu."

"Na kikichomoka?"

"Hakichomoki, mpenzi. Kinabanwa kwa skrubu."

Uongo. Skrubu ya kimoja ilidondoka ikapotea, naye akakibandika kwa gundi. Alisema moyoni atatafuta nyingine. Kabla hajatafuta, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta akapiga simu: anakuja leo leo kukiona kiti, akikipenda atataka vya kujaza ukumbi.

"Sindano, vaa lile gauni la kijani. Ukae wewe, mgeni aone kilivyo kitamu."

"Ni salama?"

"Mimi nikuweke wewe kwenye kitu kibovu?"

Ndiyo. Alimweka.

Mgeni akafika, binti akakaa. Kiti kikainama kulia, kikarudi, kikainama kushoto, binti anacheka. Kisha gundi ikaachia. Shafti inazunguka, kihisi kimesimama. Kompyuta ikadhani mota bado haijafika, ikazidi kuisukuma. Kiti kikaenda upande mpaka mwisho wa chuma, kikamtupa sakafuni. Mkono wa kulia ulitangulia, na kifundo kikalia kama kijiti kikavu.

Akiwa pale chini aliona kihisi kinaning'inia kwa nyaya zake, gundi iliyokauka imening'inia nacho kama gamba la kidonda. Akaona kwamba Rubani naye amekiona. Mabinti, hapa ndipo muweke macho. Kijana alichukua tambara, akakifunika kihisi kwanza. Ndipo akaja kumwinua.

"Ameogopa tu, mzee," akamwambia mgeni. "Amejirusha mwenyewe. Wanawake hawa, si unawajua."

Mgeni akacheka. Kiti amekipenda.

Rubani alipopiga simu, aliyepokea ni mama wa binti.

"Shikamoo, mama. Naomba kuongea na Sindano."

"Sindano gani? Hapa kuna mtoto amefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, hata kitufe hawezi kufunga. Wewe nani?"

"Rubani, mama."

"Rubani! Hata stuli hujapanda! Toka kwenye simu yangu!"

Binti akaichukua simu.

"Nikuulize. Mimi nilijirusha?"

"Mpenzi, ningesema nini? Mgeni amesimama pale. Nikitaja gundi, kazi imekufa."

"Na mkono wangu si kazi? Maneno yako yamezunguka mtaa mzima! Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao, eti fundi hana akili timamu, anajirusha kutoka kwenye viti!"

"Nitakuoa, Sindano. Yote yataisha."

"Nimekuuliza habari za ndoa?"

Rubani alikuja hivyo hivyo, mchana kweupe, shati jeupe limepigwa pasi, viatu akavivua mlangoni kwa adabu zote.

"Nimevifunga upya vihisi vyote. Kila kimoja kina skrubu mbili na kibano cha chuma. Nimekikalia mwenyewe asubuhi nzima. Mama, nimekuja kuposa."

Mama mtu akashika kiuno. Lakini binti alikuwa bado anampenda, tena sana, akampa nafasi moja.

"Umemwambia mwenye ukumbi kwamba sikujirusha?"

"Hilo si limepita?"

"Mpigie sasa hivi. Weka sauti tusikie sote. Ukisema tu, mimi ni mkeo."

Rubani akapiga. Jasho likamtoka, kola ikalowa.

"Haloo, fundi!" mwenye ukumbi akaitika.

"Mzee... mzee wangu... nilitaka kukusalimu tu."

Binti akaichukua ile simu kwa mkono wa kushoto.

"Mzee, mimi ndiye niliyeanguka. Sikujirusha. Kihisi kilibandikwa kwa gundi, kikabanduka. Sasa anasema amekifunga kwa skrubu. Huyu hapa, akueleze mwenyewe."

Akamnyooshea.

"Fundi? Ni kweli hayo?"

Rubani aliitazama simu yake kama kaa la moto. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavivaa viatu bila kufunga kamba, akatoka. Simu akaiacha mkononi mwa binti, bado inamwita.

"Fundi? Uko hapo?"

"Hayupo, mzee," akajibu binti.