Pikipiki ya Kumvusha Bibi Mlima

Kila asubuhi kabla ya shule, Wassana na bibi yake walifunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba huku baba yake, Prasit, akichoma soseji za kuuza mbele ya nyumba yao pale Mae Malai. Asubuhi hiyo Bibi Buakham, mama yake Prasit, alikuwa ameamka na hasira.

"Dada yangu anaumwa kule Pai, ng'ambo ya mlima, na wewe unapepea mkaa!"

"Mama, nilikwambia upande gari."

"Nitapike kila kona? Mara ya mwisho nilishuka kama nguo iliyokamuliwa. Kwenye pikipiki sitapiki. Ila hiyo yako ya mizigo ina kiti cha ubao. Tafuta yenye kiti cha binadamu!"

Prasit alikuwa tayari kununua pikipiki ya safari ndefu. Jioni ile Thawi, muuzaji, alimruhusu kujaribu mbili kwenye barabara ya mlimani. Kwa kuwa Wassana alilingana kimo na bibi yake, ndiye aliyepakiwa nyuma.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyembamba, yenye kioo cha mbele kidogo kama sahani. Kiti cha nyuma kilikuwa juu, kikamtelezesha mbele. Upepo wa baridi ulipita juu ya mabega ya baba ukampiga usoni mpaka shingo ikamkaza. Ya pili ilikuwa pana, rangi ya udongo. Kioo chake kilikuwa kirefu na kiti chake laini. Wassana nusura asinzie.

Waliporudi, Lamai, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amesimama nje ya duka.

"He! Wassana kapanda nyati!" alipiga kelele. "Kesho darasa zima tutamletea majani!"

Baba hakumjali. "Haya, uliyekaa nyuma ni wewe. Ipi ina upepo mdogo?"

Wassana alimtupia Lamai jicho. "Nyekundu. Hata sikuusikia upepo."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Baba."

Jumamosi Bibi alikataa pikipiki ilipiwe kabla hajaijaribu mwenyewe. Alitundika shada la asumini kwenye usukani wa ile nyekundu, akaunganisha viganja na kumwomba mama mlinzi wa chombo, roho inayowalinda wasafiri, kisha akapanda nyuma ya mwanawe. Wassana alibaki dukani, akiichungulia barabara.

Walirudi upesi mno. Bibi alishuka akishika shingo, machozi yakimtoka, midomo ikitetemeka. Kwenye usukani ulining'inia uzi mtupu. Ua moja lilikuwa limenasa kwenye nywele zake.

"Njoo hapa!" Aliuchomoa uzi ule. "Maua yote nimepigwa nayo usoni. Huu ndio upepo usiousikia wewe?"

"Bibi, labda leo upepo..."

"Usinijazie upepo mwingine!"

Baba alivua kofia yake ngumu. "Wassana, mimi nimekaa mbele. Ya nyuma nitayajuaje usiponiambia?"

Wassana aliinamisha kichwa. "Nilidanganya. Ile pana ndiyo nzuri. Nilimwogopa Lamai."

"Mimi nikavunjike shingo ili Lamai afurahi!" Bibi alifoka. Thawi aliisukuma ile pana mbele.

Siku iliyofuata Bibi alitundika shada jipya kwenye usukani wa ile pana, ambayo sasa ilikuwa yao. Lamai alikuwa akipita. "Nyati!" alicheka.

"Ndiyo, nyati," Wassana alijibu kwa sauti. "Anampeleka bibi yangu Pai. Wewe wako anampeleka nani?"

Lamai aliongeza mwendo. Bibi hakutabasamu. "Wali utafunga peke yako mpaka nirudi," alisema, akapanda nyuma ya Prasit, wakaondoka.

Alirudi baada ya siku kadhaa, mgongo wima. Dada yake alikuwa amepata nafuu na kula uji mkononi mwake. Bibi aliliweka shada juu ya kapu la wali, mbele ya Wassana. Lilikuwa limenyauka, lakini maua yote yalikuwepo.

"Mimi nilitaka kujua mgongo wako umeonja nini," alisema, bado akiwa mkali. "Wewe ukanipa maneno ya kumpendeza Lamai. Mtu akikutuma ujaribu kitu kwa niaba yake, mwambie ukweli, hata watu wakikucheka. Kicheko kingeisha jioni ileile. Shingo yangu ingeuma mpaka Pai na kurudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi sogea, tufunge wali."