Chupa Isiyo na Alama

Kla!

Kufuli lilibana kwa nje, na Sindano akabaki gizani katikati ya magunia ya mashuka machafu.

Walimwita Sindano kwa sababu huingia kimya, maumivu ukayasikia baadaye. Leo mambo yalimgeukia. Alijichimbia ndani ya gari la dobi akitegea dereva aende zake, atoke na mzigo. Dereva hakwenda popote. Alifunga mlango, akapanda mbele, gari likang'oka. Haya sasa! Jasusi mzima kanaswa kama panya kwenye debe.

Redio ya sikioni ikakwaruza.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa kazi. Pale ofisini hakuwa na undugu na mtu, lakini wote walimwita Shangazi kwa jinsi alivyojua kugomba.

"Nimefungiwa ndani ya gari. Sanduku ninaliona."

"Basi tulia humo humo. Wavuke mpaka nawe, wakufikishe kwa mnunuzi. Ndiye tunayemtaka."

"Sawa, Shangazi."

Mzigo wenyewe ulikuwa kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele, kilichoibwa kwenye stoo ya mafundi wanaopima mabomba kwa mionzi. Kidogo hivyo, lakini mionzi yake humuua mtu bila hata kumgusa. Ndiyo maana sheria inataka kisafiri ndani ya sanduku zito la madini ya risasi, lenye lakiri na lebo ya manjano yenye alama ya mionzi, mapanga matatu kama ya feni. Juu ya lebo huandikwa namba, kumwambia msafirishaji ni mionzi kiasi gani atakayoikuta akisimama mita moja tu kutoka hapo.

Sindano akawasha tochi. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa minyororo, lebo iko mahali pake. Akatoa kipima mionzi.

Trrr. Trrr.

Akainama nyuma ya sanduku. Kipimo kikanyamaza.

Akainuka. Trrrrr!

Sanduku halikuwa linatoa mionzi. Lilikuwa linamkinga.

Lilikuwa tupu. Chuma kilikuwa mbele, kwa dereva.

Akatambaa mpaka kwenye kidirisha cha wavu. Dereva alikuwa kashika usukani. Pembeni yake alikaa mkewe, mama kijacho, tumbo limemjaa mpaka mkanda wa kiti haufungi. Mapajani alikuwa na chupa ya chai.

"Mume wangu, chupa hii inanielemea. Niiweke nyuma?"

"Wee! Nyuma kuna lile sanduku lenye alama. Mjomba kasema tusilisogelee hata kwa fimbo. Hiyo ni zebaki tu, haina neno. Ipakate kama mwanao."

Lo! Sindano alisikia hasira ikimpanda mpaka utosini. Huko mpakani askari watafungua sanduku, wakute halina kitu, wacheke. Nani atamkagua mjamzito chupa yake ya chai? Huyo mjomba aliwajua watu wake: wataogopa chenye alama, na kisicho na alama watakikumbatia.

"Shangazi, chuma kiko kwenye chupa ya chai. Kapakatishwa mwanamke mjamzito."

"Sindano, huyo mnunuzi tumemsaka miaka."

"Na huyu mtoto hajazaliwa bado."

Akazima redio, akaupiga ukuta kwa ngumi mbili.

"Simamisha gari! Mwondolee mkeo hiyo chupa!"

Gari likayumba. "Nani huko?" dereva akafoka. "Mwizi wewe! Utaozea humo humo!"

"Niite utakavyo, kaka. Hiyo si zebaki. Inamuua mkeo na mtoto wake."

"Aliyetupa ni Profesa, mjomba wangu, tumbo moja na mama! Atamuua mjukuu wake?"

"Basi mwambie aipakate yeye."

Mke akasema, polepole, "Simamisha gari."

"Mke wangu, huyo ni..."

"Nimesema simamisha! Mjomba si yuko nyuma yetu? Aje apakate."

Breki zikalia.

"Iache kwenye kiti, mdogo wangu," Sindano akamwambia kupitia wavu. "Shuka, nenda mbali kadiri miguu itakavyokubeba. Nawe kaka, nifungulie."

Kufuli likafunguka. Sindano akaruka nje na ufagio wa gari mkononi, akampita dereva aliyebaki mdomo wazi mpaka kwenye mlango wa mbele. Akapenyeza mti wa ufagio kwenye mkono wa chupa, akainyanyua. Mti ulikuwa mrefu, na kwa mionzi umbali ndio ngao ya maskini.

Prado nyeusi ikasimama nyuma yao. Profesa akashuka na suti yake na bastola yake ya Beretta.

"Nani kawaambia msimame?"

Sindano akamgeukia na chupa ikining'inia kwenye ncha ya mti.

"Piga, Profesa. Ikianguka, itaangukia miguuni pako."

Profesa akarudi hatua. Sindano akasogea hatua.

"Usiilete! Mpwa wangu, mnyang'anye!"

Dereva hakusogea.

"Mjomba, si zebaki tu?"

Profesa akarudi tena, mgongo ukagonga Prado. Jasho lilikuwa linamchuruzika.

"Mbona unaikimbia?" Sauti ya dereva ilikatika. "Mke wangu kaipakata njia nzima!"

Ngumi ya dereva haikungoja jibu. Beretta ikadondoka kwenye vumbi. Mjomba mtu akafuata.

Sindano akaitua chupa, akalegeza minyororo ya sanduku na kulifungua, kisha kwa ule mti akaitumbukiza ndani, akashusha kifuniko, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Akasimama mita moja, akapima. Sasa namba ililingana na ya kwenye lebo.

Simu ya Profesa ikaita mfukoni mwake. Bila shaka ni mnunuzi. Sindano akaichomoa, akampa dereva, akamtazama tu. Dereva akaiweka sikioni.

"Ndiyo, bosi. Tairi tu limepasuka. Tunakuja pale pale ng'ambo ya mpaka, utusubiri."

Mke alikuwa amekaa kando ya barabara, mikono yote tumboni.

"Dada, mwanangu atapona?"

"Sijui. Leo umeshadanganywa vya kutosha." Akampa mumewe ufunguo wa Prado. "Hospitali. Mwambieni daktari kila kitu, msifiche hata dakika moja mliyokaa nayo."

Mke akamshika mkono, akaubana, akamwachia.

Sindano akamfunga Profesa kwa mashuka, akamsukumia nyuma.

"Na hilo sanduku!" Profesa akapiga yowe. "Huwezi kuniacha nalo!"

"Tulia, mzee. Lina alama."

Kla!

Akapanda kwenye usukani, akawasha redio.

"Umezima redio kwa amri ya nani?" Shangazi alikuwa amewaka moto.

"Ya mjukuu wa Profesa," Sindano akasema, akakanyaga mafuta kuelekea kwa mnunuzi.