Alama za Vidole Kwenye Gilasi ya Tabrezi

"Mwili ukikaa sana majini, ngozi ya mikono huwaje?" Mehnazi alijiuliza kwa sauti, kama alivyozoea kujisomea. Ilikuwa saa nane mchana, mji wa Laknau unachemka kwa jua la Mei, umeme umekatika.

"Hukunjamana, halafu huchomoka kama glavu," sauti ikajibu nyuma ya pazia.

Jibu sahihi. Na sauti ilikuwa ya kaka yake, Tabrezi, aliyezama mto Gomti mwaka juzi. Yeye ndiye aliyekuwa akimuuliza maswali ya mtihani wa taifa wa uchunguzi wa jinai, ambao maelfu hugombea nafasi chache. Mwezi waliomzika, Mehnazi aliufeli; sasa alikuwa akijiandaa kuurudia.

Alipogeuka, mama yake, Bi Kudsia, alikuwa kasimama mlangoni, mwiko mkononi, analia huku anacheka. "Mwanangu karudi."

Tangu siku hiyo chumba kikanuka tope la mto. Kila mchana Bi Kudsia aliweka gilasi ya sharubati ya embe bichi nyuma ya pazia, na gilasi ikarudi tupu. Yeye mwenyewe akaacha kula. Sauti ikaanza kumbembeleza, "Mama, njoo huku, huku baridi," na siku moja Mehnazi akamkuta kaketi pale pazia linapoishia, midomo ya buluu katika joto lile, sketi imelowa hadi magotini, wala ndani ya nyumba hapakuwa na tone la maji lililomwagika.

Akaichukua gilasi, akainyunyizia unga wake wa mazoezi, ule wa kuonyesha alama za vidole. Alama tano zikajitokeza. Akaziweka kando ya kadi ya alama za vidole alizomchukua Tabrezi enzi za uhai wake, wakifanya mazoezi.

"Mama, tazama," alinong'ona. "Kila binadamu ana mistari kidoleni. Hivi ni laini kama yai."

Bi Kudsia hakuitazama kadi. "Unadhani sijui? Mimi niliyemzaa?"

"Sasa kwa nini, mama?"

"Kinaniita mama. Niachie hiyo sauti tu."

Mehnazi hakumwachia. Ijumaa baada ya swala akamleta shehe wa mtaa, Maulvi Ishtiaki, naye akasoma juu ya bakuli la maji, na kadiri alivyosoma ndivyo pazia lilivyovimba na tope lilivyonuka na sauti ilivyopanda, ikiomba, ikilia kama mtoto aliyefungiwa nje, "Mama, wananitoa, mama nishike," huku Bi Kudsia akipigana kuifuata na binti yake kamkumbatia kwa nguvu zote, mpaka mlango ukajibamiza na pakawa kimya.

Agosti matokeo ya mtihani yakatoka. Mehnazi alikuwa wa tisa. Jirani, Bi Farzana, akaja mbio na sahani ya laddu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe.

"Hongera, shoga! Binti kakutoa kimasomaso!"

Bi Kudsia akairudisha sahani. "Mpe mwenyewe. Mimi mwanangu alinililia mlangoni, na huyo ndiye aliyenishika mikono nisimfungulie."