Mstari wa Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

“Mashine yako imeua ng'ombe yangu tisa!” Mama Berthe alifoka, kidole chake kikikaribia jicho la Ornella. “Tisa! Na iliandika zote zilichomwa sindano!”

“Mashine haijitumi yenyewe, Mama Berthe. Inatumwa.”

“Na nani anaituma kama si weye?”

“Nyamazeni wote wawili,” alisema Inspekta Emerance.

Alikuwa ametoka malishoni, ambako mizoga ilikuwa imelala na damu nyeusi puani. Daktari wa maabara alikuwa ametamka neno moja tu: kimeta.

Sasa alikuwa katika ofisi ya ushirika wa wafugaji, mtaa wa Ngezi. Ornella, fundi wa kompyuta, alikaa kwenye benchi, pingu mikononi. Yeye ndiye aliyeleta ile akili bandia inayoandika programu ukiiagiza kwa maneno. Wiki tatu nyuma, siku ya Jumanne, mtu aliiagiza iandike programu ndogo. Programu hiyo ilipita kwenye daftari la ushirika, ikawawekea ng'ombe mia moja arobaini alama ya chanjo. Hakuna hata mmoja aliyechanjwa.

Docta Prudent, daktari wa mifugo wa ushirika, alinyoosha karatasi.

“Ushahidi ni huu, Mama Inspekta. Agizo lilitoka kwenye kompyuta hii, saa nne na dakika kumi na mbili. Ornella alikuwa humu peke yake. Miye nilikuwa malishoni.”

“Ulirudi saa ngapi?”

“Saa tano kasoro.”

“Na weye, binti?”

“Nilitoka saa nne na nusu. Nilienda Nyankunde, mama yangu alikuwa amelazwa.”

Inspekta alitazama pembe ya kioo cha kompyuta. Saa tatu na nusu. Akatazama mkono wake. Saa nne na nusu.

“Kompyuta hii imelewa?”

“Inafuata saa ya Kinshasa,” alisema Ornella. “Docta aliinunua kule. Hakuna aliyeigeuza.”

Bunia imeitangulia Kinshasa kwa saa nzima. Kila mtu anajua, na kila mtu husahau. Prudent alijipangusa shingo.

“Kwa hiyo saa nne ya karatasi hii ni saa tano ya hapa,” alisema Inspekta. “Kwa nini hukusema?”

“Nilisema mara mbili. Mama Berthe ana sauti kubwa kuliko yangu.”

Mama Berthe aliguna, lakini alikaa.

“Kuna zaidi,” Ornella aliendelea. “Nilipoweka chombo hiki, niliweka pia kumbukumbu. Kila agizo linaandikwa kwanza, ndipo chombo kianze kazi: maneno yenyewe, saa, na mafaili yaliyoguswa. Nakala inakwenda kwenye mashine ya chumba cha nyuma. Kule unaweza kuongeza mstari. Kufuta, hapana. Hata miye siwezi.”

“Hata weye?”

“Nilijifungia nje makusudi. Anayechunga wengine naye achungwe.”

Inspekta alikuwa amefanya upelelezi miaka kumi na saba. Alijua wakubwa waliofunga kabati na kubaki na ufunguo mfukoni. Huyu binti wa miaka ishirini na sita alikuwa amefunga, akautupa ufunguo. Alimfungua pingu mwenyewe.

“Nionyeshe.”

Nakala ilifunguka. Saa tano na dakika kumi na mbili, saa ya Bunia. Inspekta alisoma kwa sauti: “‘Weka alama ya chanjo kwa ng'ombe wote wa orodha hii. Halafu punguza kumbukumbu, zibaki makosa tu.’”

Aliyetaka kumbukumbu zinyamaze alikuwa ameandikwa akiziambia zinyamaze.

Inspekta alipiga simu kizuizi cha polisi cha barabara ya Nyankunde.

“Willy, fungua rejista yenu. Jumanne ile, Ornella, fundi wa ushirika.”

“Iko, Chef. Alipita saa tano na dakika tano, kwa pikipiki.”

Simu ilikatwa. Chumba kilikuwa kimya.

“Docta, saa tano na dakika kumi na mbili nani alikuwa humu?”

Prudent alitazama sakafu.

“Chanjo ziliharibika,” alisema mwishowe. “Nilienda Mahagi-Port, mahari ya mudogo wangu. Niliahidi kurudi kesho yake kuwasha jenereta ya friji. Nikakaa siku tatu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Miaka ishirini watu wananiita Docta. Niliona haya. Niliomba dozi nyingine, nikadhani zitatangulia ugonjwa.”

“Na huyu mutoto ulitaka alale gerezani kwa haya yako?”

Hakujibu. Mama Berthe alisimama, akamshika Ornella bega, asipate neno.

“Waliobaki wako wapi?” aliuliza Inspekta.

“Orodha ya zamani iko kwenye nakala, na majina ya wenyewe,” alisema Ornella. “Lakini leo ni siku ya soko, Mama Inspekta. Wengi wanachinjwa saa sita.”

Inspekta Emerance hakungoja kibali cha mtu. Pingu zilizotoka kwa Ornella zilifunga mikono ya Prudent. Akapiga simu sokoni.

“Fungeni lango la mifugo. Sasa hivi. Hakuna kisu kinachogusa ng'ombe.”

Kwenye simu milio ya ng'ombe ilisikika, kisha mlango wa chuma ukajibamiza. Inspekta alimpa Ornella simu.

“Wasomee majina.”

Ornella aliisogeza orodha juu, akaanza na la kwanza.