Dereva wa Pili

Haya yalimpata shangazi yangu, dada wa baba. Sehemu kubwa nilikuwepo. Yale ambayo sikuwepo alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, huku akifumua upindo wa pazia, na hakutaka kuulizwa tena.

Ilianza Jumatatu ya kawaida kabisa. Shangazi ni mshona mapazia, ya maofisini na ya watu wanaohamia nyumba mpya. Mume wake, ambaye nimezoea kumwita Mjomba, alikuwa mpima ardhi mpaka figo zilipomgomea. Tangu hapo akawa mtu wa mashine: mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Akitoka hapo hawezi kukaa wima. Walijaribu teksi mara mbili, mara zote mbili alizirai njiani.

Kwa hiyo lile gari ndilo lilikuwa miguu yake. Jeusi, refu, la miaka ishirini na sita, viti vya ngozi, na kiti cha nyuma cha kushoto kinalazwa kama kitanda. Mjomba alilinunua mnadani enzi za afya yake, kampuni moja ilipofunga milango. Lilikuwa gari la mkurugenzi. Majirani waliliita "mheshimiwa mstaafu". Zamani shangazi alikuwa akicheka.

Sasa kampuni ya bima ilikuwa imeandika barua. Magari yaliyozidi miaka ishirini hawayakatii tena. Bima iliyopo inakwisha Ijumaa. Nilichukua likizo yangu kazini nije kumsaidia kuzunguka, maana nilimsikia kwenye simu akiongea kama mtu anayeota.

"Mwanangu, natafuta bei ya kawaida tu," aliniambia. "Sitafuti muujiza."

Ofisi ya kwanza walitutajia bei nzuri. Ilibaki ukaguzi. Dada mmoja nadhifu alishuka na simu yake ya kupigia picha, sisi tukabaki juu tukimtazama kupitia kioo. Akapiga picha taa, akapiga matairi, akainama kusoma namba ya injini. Kisha akafungua mlango wa dereva.

Alisimama hivyo kwa muda. Halafu akaufunga taratibu, kama mtu aliyekosea mlango wa choo akamkuta mwenzake ndani. Midomo yake ilitikisika. Nadhani alisema samahani.

Aliporudi hakututazama usoni. "Gari hili hatutaliweza, mama."

"Kwa sababu ya umri?"

"Ndiyo. Umri."

Ofisi ya pili mkaguzi alikuwa baba mnene wa kuchekacheka, mwenye utani na kila mtu. Alilizunguka gari, akalisifu rangi, akarudi mpaka mlangoni kwetu akifuta jasho. "Mwambie dereva wako ashuke kidogo, mama, nichungulie chini ya kiti."

"Sina dereva," shangazi alisema. "Nimeendesha mwenyewe."

Yule baba akacheka. Akageuka kulitazama gari. Hakucheka tena. Aliturudishia karatasi zetu, akaingia ndani, na tulimsikia akigeuza ufunguo.

Jumatano shangazi akashuka kutoka bima kubwa hadi ile ndogo, ile ya kuridhisha askari wa barabarani tu. Nayo wakatunyima. Mkaguzi wa huko aligusa usukani, kisha akaenda kwenye bomba la nje akanawa mikono. Alinawa mpaka tukaondoka. Katikati ya hayo yote kulikuwa na hospitali, kulikuwa na mapazia ya hoteli yaliyochelewa, kulikuwa na Mjomba wa kugeuzwa kitandani. Kwenye foleni ya lifti nilimwona shangazi amelala amesimama, bahasha kifuani, mdomo wazi kidogo.

Hakuniuliza wale watu waliona nini. Nami sikuuliza. Kuna uchovu ambao hauachi nafasi ya woga.

Alhamisi mchana mtu alituelekeza kwa wakala mmoja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Tulimkuta mama wa makamo, miguu imemvimba, kaiweka juu ya boksi la mafaili. Alionekana kuchoka kuliko hata sisi. Hakushuka. Alisogeza pazia la dirisha, akatazama chini kwenye maegesho.

"Gari ni lile jeusi?"

"Ndiyo."

"Na yule aliyevaa kofia?"

Feni ilikuwa ikizunguka. Niliisikia kila duara.

Shangazi akakaa. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alitoa simu, akampigia Mjomba nyumbani, akaweka sauti ya nje.

"Baba nanihii," alisema, "hili gari lina nini?"

Tulisikia pumzi yake. Kisha akanong'ona: "Kwani mmemwona?"

Ndipo akasema. Siku ya mnada mlinzi alimweleza, naye akaona ni maneno ya watu. Mkurugenzi alikuwa na dereva mmoja, miaka kumi na tisa. Siku moja mkurugenzi alimwambia, nisubiri hapa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma wa ofisi, akaenda zake na gari la rafiki. Dereva akasubiri. Akasubiri mpaka jioni, akasubiri mpaka kukapambazuka. Walimkuta kwenye usukani, amekauka, kofia kichwani. Moyo. Hakuna aliyemwambia nenda nyumbani.

"Nisamehe," Mjomba alisema. "Nilidhani kwa sababu halimsumbui mtu..."

Shangazi akakata simu. Akamgeukia wakala. "Kesho bima inakwisha. Keshokutwa mume wangu anatakiwa kwenye mashine. Nifanyeje?"

Yule mama alivuta fomu, akaigeuza ituelekee. Kidole chake kikaenda kwenye mstari mmoja. Dereva wa pili.

"Wenzangu wanakukataa kwa sababu kuna mtu kwenye gari na hayumo kwenye karatasi. Mwandike. Ukishaandika, mimi sina cha kukataa."

"Ni marehemu."

"Fomu haiulizi hilo. Inauliza jina, na ana uzoefu wa miaka mingapi, na amewahi kupata ajali." Akapumua. "Kumi na tisa bila ajali? Bei itashuka, tena sana. Lakini nisikilize, dada yangu. Mtu akishaandikwa, ameruhusiwa. Umenielewa?"

Nilimshika shangazi mkono. Aliutoa polepole. Jina tulilipata kwenye kitabu cha matengenezo ndani ya gari. Lilikuwa limeandikwa kila ukurasa kwa mwandiko mmoja uliolala. Nilishuka kukichukua mwenyewe. Niliingiza mkono kwa upande wa abiria. Sikuangalia kulia. Palikuwa na harufu ya sabuni ya kunyolea.

Bima ikatoka saa ile ile, nafuu kuliko zote tulizotajiwa wiki nzima. Bima kubwa. Shangazi alilia kidogo kwenye ngazi, kisha akacheka, kisha akaniomba nimkumbushe amepaki wapi.

Jumapili nilirudi kazini kwangu. Yaliyofuata ni aliyonisimulia.

Wiki ya kwanza kulikuwa shwari. Wiki ya pili, wakitoka hospitali saa nane mchana, foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Shangazi alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Aliona taa nyekundu. Akafumba macho, sekunde moja tu ya kuyapumzisha.

Alipoyafumbua alikuwa nyumbani. Gari limeegeshwa uani, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Mikono yake iko mapajani.

Kwenye kioo alimwona Mjomba, macho yamemtoka.

"Nani ameendesha?" Mjomba alinong'ona.

"Mimi."

"Wewe ulikuwa unakoroma."

Shangazi aliniambia sehemu inayofuata akiwa ameinamisha kichwa. Alisema alipaswa kuliuza siku ile ile. Alisema alijua. "Lakini nililala dakika arobaini, mwanangu. Unajua mara ya mwisho nililala dakika arobaini bila kuamshwa ilikuwa lini?"

Basi akaacha iendelee hivyo. Safari iliyofuata alilala tena. Na iliyofuata. Alikuwa anakaa kwenye usukani, anafunga mkanda, anafumba macho. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kona zilikunjwa kwa ulaini, breki zilishikwa kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Alianza kunenepa kidogo usoni. Wateja walimwambia amependeza.

Ila Mjomba alibadilika. Alianza kuomba kukaa ndani ya gari hata siku zisizo za hospitali. Anataka avalishwe shati la mikono mirefu. Siku moja shangazi alimpelekea uji, akamkuta anaongea kwa sauti ya chini, anatikisa kichwa, anajibu.

"Anasema nini?"

"Ananiuliza kama nimemaliza kazi," Mjomba alisema. "Ananiita mkurugenzi."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia bado kidogo."

Hapo shangazi akaogopa. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa wakala kufuta ule mstari. Yule mama alimsikiliza, miguu juu ya boksi. Akasema mstari unafutwa, hakuna shida, lakini dereva mwenyewe asaini kwamba amekubali kuondoka.

Shangazi akarudi nyumbani. Akafunga gari, akatia funguo kwenye mfuko wa aproni yake, akaapa Mjomba hatalipanda tena. Wangekodi gari la wagonjwa, hata kama wangeuza cherehani.

Alhamisi. Haikuwa siku ya mashine. Saa tisa alasiri shangazi alikuwa anashona, pazia zito la kijani, cherehani inanguruma. Akasikia honi.

Mara mbili. Fupi. Ya heshima.

Aliondoa mguu kwenye cherehani.

Akasikia kitanda kikilia. Akasikia viatu. Mjomba alikuwa hajatembea peke yake mwaka mzima na nusu. Viatu vilipita ukumbini, bila kuburuza, bila kupumzika. Mlango ukafunguka.

Shangazi alikimbilia mlangoni. Alipofika nje gari lilikuwa linapita getini. Mjomba amekaa nyuma, kushoto, wima, vifungo vya shati vimefungwa mpaka shingoni. Hakugeuka.

Kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Shangazi alishika mfuko wa aproni. Funguo zilikuwemo.

Walimpata saa kumi na moja, mbele ya jengo la ile kampuni iliyofungwa. Gari limeegeshwa sawasawa katikati ya mistari. Mjomba alikuwa nyuma, mkanda umefungwa, macho yamefumbwa, uso mtulivu kama wa mtu aliyefika. Daktari alisema ni moyo, na kwamba kwa hali yake ilikuwa ni ajabu alifika hapo alipofika. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi, umefunguliwa mpaka mwisho, jinsi unavyomfungulia mkubwa ashuke.

Baada ya mazishi tuliliuza kama chuma chakavu. Nilikwenda mwenyewe na kaka yangu, tukasimama hapo mpaka mashine ilipoliminya. Lilitoka limekuwa kama sanduku la nguo. Wakala alitupatia karatasi ya kufunga bima, shangazi akaichana vipande vidogo.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kumsalimia. Usiku ule mvua ilinyesha bila kupumzika, ikaacha alfajiri. Niliamka nikafungua mlango wa nje ili nifagie maji.

Uwanja wote ulikuwa umelowa, madimbwi kila mahali. Isipokuwa sehemu moja, hatua chache kutoka mlangoni. Pembe nne, ndefu, pana. Kavu. Vumbi lake halikuguswa hata na tone.

Shangazi alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu ambaye halali tena usingizi. Aliitazama ile sehemu kwa muda mrefu.

"Leo kawahi," alisema.

Akarudi ndani.

Mimi nilichuchumaa. Nikaweka kiganja kwenye ile ardhi kavu. Ilikuwa na joto.