Kiti Kilichoanikwa Juani

Katika chumba chao cha Lindi, Kibera, Nashon alichonga na mkewe Caren akapiga msasa. Nashon alitengeneza viti vya miguu mitatu, kama vya wazee wa kwao Bondo, kila kimoja kutoka gogo moja la mjakaranda. Caren hakuwahi kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea. Nashon alimtania kwamba tezo haimjui mwanamke. Utani huo uliwaponza.

Kiti kikiwa bado kibichi, Nashon alikitia kwenye gunia chini ya kitanda. Alikifunika kwa maranda, yaani vile vipande vyembamba vinavyodondoka mtu akichonga. Caren alilalamika kwamba gunia lile linaleta mende. Nashon alicheka tu, hakueleza.

Mwaka wa 1996 Nashon aliugua kifua, akafa, akamwacha Caren na binti yao Celine. Aliacha pia kiti kimoja guniani. Alikuwa akimchongea mama yake. Caren alitaka sana mama huyo akipate. Akayatia maranda jikoni, akapikia chai. Kiti akakianika juu ya mabati kikauke upesi.

Kikapasuka, kutoka ukingoni hadi katikati. Caren alilia kuliko siku ya mazishi.

Muigai, mchongaji wa Kawangware aliyekuwa rafiki wa Nashon, alikuja kumpa pole. Akakiona kiti.

"Mama Celine, hii uliweka kwa jua?"

"Niliweka. Nilitaka ikauke."

"Mti ikiwa mbichi, jua inakausha nje mbio, na ndani bado iko na maji. Lazima ipasuke. Unafunika na maranda, ndani ya gunia, kwa kivuli. Maranda ikilowa unabadilisha. Inakauka pole pole, miezi kadhaa. Hapo juu na chini, kwenye gogo ilikatwa, unapaka nta ya mshumaa."

Caren aligeukia kitanda. "Miaka yote hiyo nimelala juu ya hiyo gunia, na hakuniambia."

"Hatukuwa tunawaambia wake zetu," Muigai alisema, akiangalia chini. "Hata Nduta wangu hajui."

"Basi nionyeshe mimi. Na umlete Nduta. Celine naye atakaa hapa asikie."

Muigai alikuja Jumapili nyingi, pamoja na mkewe, akawafundisha kuchonga na kukausha. Mikono ya Caren ilitoka malengelenge. Kiti chake cha kwanza kilikuwa kizito, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Lakini alikikausha guniani, na hakikupasuka.

Desemba alivibeba viti vyote viwili hadi Bondo. Akaweka kile kizima mbele ya mama mkwe.

"Mama, kile cha Nashon nilikiharibu. Hiki nimechonga mimi. Kipokee."

Mama alikigeuza, akakisifu, akakiweka kando. Akakivuta kile chenye ufa. Alipitisha kidole kwenye ufa ule, polepole, kisha akakikalia.

"Hiki amekishika yeye," alisema. "Hicho chako rudi nacho, mwanangu. Wafundishie watoto."

Caren alirudi nacho Lindi. Siku hizi Celine hukikalia anapochonga, na gunia la maranda liko pale pale chini ya kitanda.