Timba la Saba

Gogo lilikuwa na joto. Ndilo jambo la kwanza, na kama Chausiku angelisema asubuhi ile ile, mimi leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine. Ilikuwa Julai, miezi ya baridi, saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya mabati, na yeye kajifunga kanga mbili mabegani. Aliliegemea lile gogo nyuma ya jiko ili atoe mwiba mguuni. Akahisi mgongo unapata joto, joto la mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Akageuka, akaligusa kwa kiganja. Akatoa mwiba wake, akaenda zake jikoni.

Mwaka ulikuwa sabini na sita. Wanafunzi kumi na wawili wa chuo kimoja cha ualimu cha pwani walikuwa wametoa likizo yao kwenda kujenga zahanati katika kijiji kipya cha Nyamtondo, huko kwenye vilima vya dhahabu vya Geita. Walishuka garimoshi Shinyanga, wakapanda lori, wakapita Tinde wakiimba, wakafika siku ya pili wekundu kwa vumbi na bado wanaimba. Vijana wazuri, sikatai. Walifyatua matofali mpaka mikono ikachubuka, wakajifunza kuitikia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kule. Ila walikuwa wamesoma vitabu vitatu vinne, wakadhani dunia inaishia hapo.

Chausiku ndiye aliyekuwa mpishi wao mkuu, na alikuwa na mzigo ambao wenzake hawakuwa nao. Mdogo wake Muhidini alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Mama yao, kule Pangani, alikwisha zika wana wawili, na Muhidini ndiye wa kiume pekee aliyebaki. Mwanzoni mama alikataa katakata asiende. Alipokubali, alikubali kwa sababu dada mtu yumo. Siku ya safari alimshika Chausiku mkono kizingitini, akamwambia, "Huyu namkabidhi kwako. Nataka nimwone amesimama hapa mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe. Ukija bila yeye, usije."

Chausiku akacheka, akasema mama nawe una mambo.

Sasa, zahanati ilisimama upesi. Kuta tayari, mabati tayari, kilichokosekana ni nguzo za baraza. Lori la nguzo lilitarajiwa kutoka Kahama baada ya wiki mbili, na likizo ilibakiza siku tisa. Kiongozi wao, Stanslaus, kijana mrefu mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alikuwa ameona kilimani shimo la zamani la dhahabu. Alilichimba mzungu fulani kabla ya uhuru, akaliacha, na ndani yalibaki matimba, yale magogo manene wanayosimamisha wachimbaji ili mwamba usiwaporomokee. Bujiku, mjumbe wa kijiji aliyekuwa akiwasimamia, alisema yaya, hapana, lile shimo haliingiwi, lina mwenyewe. Stanslaus akamuuliza, kwa ule upole wa msomi, kama huyo mwenyewe ana hati. Wote wakacheka. Chausiku naye alicheka, ingawa amekulia nyumba ambayo mtoto hakai kizingitini jua likiwa la utosi, maana ndio wakati wa majini kupita.

Stanslaus hakubishana zaidi. Aliazima ng'ombe wawili wa plau bila kusema wa nini, akaenda na Muhidini peke yao, wengine wakiwa wanapiga lipu. Muhidini, mwembamba kama alivyo, ndiye aliyeingia ndani kufunga minyororo. Walitoa matimba saba. Miaka ishirini chini ya ardhi, na mchwa hakuyagusa hata moja. Sita wakayasimamisha barazani jioni ile ile, watu wakapiga makofi. La saba Stanslaus aliliegemeza nyuma ya jiko, akamwambia Muhidini litafaa kwa benchi la wagonjwa. Wenzao hawakulijua.

Mlango wa jiko ulikuwa na karatasi ya zamu: nani anateka maji, nani anapika, nani analeta kuni. Kesho yake, asubuhi ile ya mwiba, zamu ya kuni ilikuwa ya Chausiku. Porini ni mbali, kote miiba, na mguu ulikuwa unamwuma. Akachukua shoka.

Pigo la kwanza, gogo likaguna. Akajiambia ni shoka limegonga fundo. Pigo la pili likatoa maji mekundu, akajiambia ni utomvu, kana kwamba gogo la miaka ishirini lina utomvu. Alikuwa na watu kumi na wawili wa kulisha. Akapasua mpaka mwisho, akawasha, na ule moto haukutoa moshi hata kidogo. Maharage yaliyozoea kuchemka kutwa nzima yaliiva kabla ya saa sita. Jiko zima lilinuka nywele zilizoungua. Alikoroga, akaongeza chumvi. Muhidini alikuja kuomba maji ya moto, akaliona shoka, akayaona na mabanzi. Alilichukua shoka akaliosha, akalirudisha mahali pake.

Saa sita wote wakaja kula, isipokuwa Stanslaus, aliyesema anamalizia misumari.

Walikuwa wamekula nusu sahani waliposikia ko, ko, ko. Mtu anagonga gogo, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, anahamia lingine. Ko, ko, ko. Wakadhani ni Stanslaus. Kisha kikasikika kishindo kimoja kizito, na mbwa wa kijiji wote wakanyamaza. Eufrasia, msaidizi wa Chausiku jikoni, akaenda kumwita aje ale kabla chakula hakijapoa. Sauti aliyoitoa huko haikuwa ya kuita mtu.

Nguzo ya tano ya baraza haikuwepo. Mahali pake alisimama Stanslaus. Miguu ilikuwa imezama hadi magotini katika tundu lile lile la nguzo, udongo umeshindiliwa pande zote vizuri, kazi ya fundi. Mikono iko juu, viganja vimebanwa kwenye boriti, vidole vimepasuka. Boriti ilikuwa imekaa juu ya utosi wake, na kichwa kilikuwa kimeshindiliwa chini mpaka kidevu kimeingia kifuani na shingo haionekani tena, damu inatoka masikioni inatiririka juu ya shati, na macho yako wazi yanawatazama. Wanaume wakamkimbilia, wakamvuta. Heri wasingemvuta. Pembe ya paa ikashuka yote, ikamwangukia Eufrasia, ikamsaga bega, mfupa ukatoka nje. Kutoka pale barazani alama ya gogo lililoburutwa ilipanda moja kwa moja kilimani, bila nyayo za mtu wala za mnyama.

Bujiku alipanda baiskeli, akarudi jioni na Mzee Athanas. Huyu alikuwa fundi matimba miaka thelathini katika migodi, sikio moja limeuawa na baruti, na baadaye akawa mganga wa wachimbaji. Hakuja na kibuyu. Alikuja na nyundo ya mti. Alilitazama tundu la nguzo muda mrefu, akaingiza mkono akapapasa ule udongo ulioshindiliwa.

"Kwenye matimba kuna sheria moja," alisema kwa sauti ya chini. "Hutoi la zamani kabla hujaweka jipya. Ninyi mlitoa, hamkuweka. Mwenye shimo hatoi bila kuweka."

Akawaeleza wamwelewe. Jini lile la shimo litayachukua matimba yake yote, moja kila adhuhuri, na kila litakapochukua litasimamisha mtu. Dawa ni kuyarudisha wenyewe kesho kabla jua halijafika utosini. Kisha akauliza yalikuwa mangapi. Kama kuna lililopotea aambiwe usiku ule, akate mti wa mkola, ausemee maneno ushike mahali pake kabla hawajaingia. Wakishaingia, alisema, yeye hana la kufanya.

Watu wakamtazama Muhidini, maana waliokwenda shimoni ni wawili na mmoja wao yuko chini ya shuka. Chausiku alikuwa amesimama karibu na mlango. Nje wanakijiji walikuwa wamekusanyika na fimbo, ndani Eufrasia alikuwa akilia kwa mfululizo. Chausiku alitaka kusema, Mungu ni shahidi. Neno lilifika kwenye meno likakaa hapo.

"Sita," Muhidini alisema.

Baadaye, penye pipa la maji, Chausiku alimuuliza kwa nini amedanganya. Yule kijana akatabasamu, akamrushia maji ya vidoleni kama walivyozoea nyumbani. "Wangekuua, dada. Nimekushikia zamu tu. Kesho tukimaliza, kuni zote zilizobaki ni zako." Nasema tena: hapo bado kulikuwa na wakati. Mzee Athanas alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka pale, anavuta kiko chake.

Kesho yake saa tano walikuwa kilimani. Athanas na Bujiku waliingia, na Muhidini akaingia nao ameshika karabai, kwa kuwa ndiye anayejua kila timba lilitoka wapi. Chausiku alibaki mdomoni mwa shimo pamoja na wengine. Timba la tano walilikuta limekwisha simama lenyewe mahali pake, na damu ya Stanslaus juu yake bado mbichi. Wakasimamisha matano mengine, wakashindilia. Kisha Chausiku akasikia nyundo ya mzee ikijaribu moja baada ya jingine, ko, ananyamaza, ko, ananyamaza, mpaka la sita.

"Kijana," sauti ya mzee ilisema kutoka ndani. "Hapa pana tundu la saba, na limefagiliwa."

Jua lilikuwa utosini. Karabai ikazimika, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka shimoni pamoja na harufu ya baruti, nzito kiasi cha kumtapisha mtu, na kule ndani kukaanza kugongwa, ko, ko, ko, si nyundo ya Athanas, maana Athanas alikuwa anatambaa nje kwa magoti huku mkono mmoja umevunjika unaning'inia, na Bujiku nyuma yake, na nyuma ya Bujiku hapakuwa na mtu, na Chausiku alipoona hapana mtu aliinyakua tochi ya Bujiku akaingia mbio, anajigonga kichwa kwenye mwamba, damu inamwingia machoni, anapiga kelele maneno ambayo jana yalimshinda, kwamba yalikuwa saba, kwamba alilichoma yeye, alipikia maharage, alichoma yeye, yeye.

Muhidini alikuwa wima katika tundu la saba, ardhi imemfika magotini, mikono juu, na mwamba ulikuwa unamshukia polepole. Alikuwa hai. Uso wote ulikuwa umejaa jasho.

"Dada, usinivute," alisema. "Ukinivuta tunakwisha wote."

Basi hakumvuta. Alimkumbatia kiunoni, akawaita watu walete mti. Bujiku, na simlaumu Bujiku kwa lolote katika habari hii, alikata mkola akaingia nao. Wakausimamisha kando yake, mwamba ukaukata vipande viwili. Akaleta wa pili, ukakatika kama kijiti cha muhogo. Wa tatu haukufika hata kushikwa. Na kila mti ulipokatika, Chausiku aliusikia mwili wa mdogo wake unalia ndani, kwanza viwiko, kisha mabega, kisha mbavu moja moja, na alikuwa amebana sikio lake kwenye kifua chake kwa hiyo hakukosa mlio hata mmoja. Alimwambia mwenye shimo amchukue yeye. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kizigua cha bibi yake, akasoma kila aya aliyofundishwa madrasani utotoni.

"Nimekushikia tu," Muhidini alisema kwa pumzi iliyobaki. "Usikawie."

Shingo ikaingia. Damu ikamwagika juu ya kichwa cha Chausiku, kisha ikaacha, na mwamba ukasimama. Mzee Athanas alikuwa amerudi ndani na mkono wake uliovunjika. Alingoja kidogo, akainua nyundo kwa mkono mzima, akampiga Muhidini kifuani, taratibu, akatega sikio lake zima. Mlio ulikuwa wa mti mkavu, usio na ufa. Chausiku aligusa lile shati. Chini yake palikuwa pagumu, na palikuwa na joto.

"Limeshika," mzee alisema, na akalia palepale.

Zahanati ilimalizika mwezi wa nane kwa nguzo za Kahama, na mpaka sasa hakuna aliyedhurika pale. Chausiku alirudi Pangani ingawa aliambiwa asirudi. Alisimama njiani mbele ya nyumba tangu asubuhi, hawezi kubisha hodi, mpaka mama yake alipotoka kumwaga maji akamwona yuko peke yake. Mama akaiacha ndoo ianguke. Akamshika mkono, akamwingiza ndani, na hakumuuliza neno, siku ile wala siku nyingine. Alichofanya ni kuketi kila siku akiutazama mlango. Chausiku naye hakueleza. Alipika, alifua, na akawa kila adhuhuri anaenda kukaa uani, mbali na kizingiti.

Ukapita mwaka mzima hivyo. Siku moja ya Julai alikuwa uani anapepeta mchele, jua liko juu ya kichwa, kivuli chake kiko chini ya miguu. Akasikia mbele ya nyumba mtu anagonga mwimo wa mlango. Ko, ko, ko. Kimya kidogo, kama anayesikiliza. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita ukumbini ikamfikia pale alipo. Akamsikia mama yake anakimbia, komeo linafunguliwa, kisha kilio, ila kilikuwa kilio cha furaha, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu siku ya safari.

"Chausiku," mama aliita. "Njoo, mwanangu, njoo uone. Ndugu yako huyu amesimama mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe. Mshike, ana joto. Anasema zamu yake imekwisha."